Usimlaumu fundi kabla ya kusoma chipu

Juma lililopita jirani yangu hapa Molo alibisha mlangoni akiwa na mwanawe na mashine kuukuu ya mchezo wa televisheni, ile ya kuchomekwa kaseti.

"Mwalimu, fundi ameniibia!" alilalamika mama huyo.

Juu ya mashine pamebandikwa karatasi inayosema 'biti 64'. Lakini iliporudi kutoka kwa fundi, kijana aliona picha zake ni za kizamani mno. Basi mama akashikilia kuwa ubongo halisi umenyofolewa na kutiwa wa bei rahisi, na akaapa kutomlipa fundi hata senti.

"Tusihukumu kabla ya kuifungua, mama," nikamwambia.

Tulichomoa waya wa umeme, tukalegeza skrubu za chini na kutoa ubao wa ndani. Ikiwa nawe unayo mashine kama hiyo, tafuta vipande vyeusi vyenye miguu mingi, pangusa vumbi, kisha usome maandishi kwa tochi. Yetu ilikuwa na viwili vikubwa, kila kimoja miguu 40. Kimoja kiliandikwa UA6538. Hicho huchora picha. Cha pili, UA6527P, ndicho prosesa, yaani ubongo wenyewe.

Chipu hiyo ni ya kampuni ya UMC ya Taiwan, nayo inaiga ile ya Ricoh iliyotiwa ndani ya Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983. Babu yao ni 6502 ya MOS Technology ya Marekani, ya mwaka 1975, iliyoendesha pia kompyuta ya Apple II. Ni ya biti 8, wala si 64!

Je, fundi aliibadilisha? Chini ya jina la prosesa palikuwa na nambari 9224, maana yake juma la 24 la mwaka 1992. Chipu ya picha ilikuwa na 9226. Ni pacha hao. Lehemu ya miguu yao haikuwa imeguswa. Lehemu mpya ilikuwa kwenye tundu la waya wa umeme tu, palipokuwa pameharibika.

Kumbe uongo ulikuwa kwenye karatasi tangu siku mashine iliponunuliwa. Mashine nyingi za kuiga ziliuzwa kwa majina makubwa namna hiyo. Nyingine hazina hata chipu ya kusomeka, ila tone jeusi la gundi ngumu. Hapo hesabu meno ya kaseti: yakiwa 60, huenda ni ya ukoo wa Famicom.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akamgeukia mwanawe: "Twende tukamlipe mtu pesa zake."

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.