Akisoma Historia, Atakuwa Nani?



Jumapili iliyopita tulikaa kikao cha familia juu ya mwana wa dada yangu. Kamaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL, kafaulu vizuri, na kapata nafasi chuo kikuu cha Serikali kusoma shahada ya sanaa, historia na jiografia. Badala ya kupongezwa, ukumbi mzima uliguna. Babake akauliza swali moja tu: "Akitoka hapo atakuwa nani?" Wifi yangu akajibu kwa niaba yake, "Msomi wa kukaa nyumbani." Watu wakacheka. Mtoto akainuka akaenda jikoni, na hakurudi mpaka chai ilipoisha.

Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye msomi wa kukaa nyumbani aliyekusudiwa. Nilisoma Kiswahili na historia. Nilipomaliza nilikaa miaka miwili na miezi kadhaa bila ajira, nikikaanga maandazi asubuhi na usiku nikisahihisha ripoti za watu kwa malipo ya vocha. Basi sitamdanganya mtu kwamba cheti cha sanaa kinafungua milango. Shemegi yangu ana hofu ya kweli, na mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya ada ana haki ya kuuliza.

Lakini swali lake halijakaa sawa. Ameuliza mtoto atakuwa nani, naye alikusudia ataajiriwa na nani.

Tazameni mwani. Dada zetu wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha zake. Ile aina yenye bei nzuri, tunayoiita kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya pwani kwa sababu bahari inapata joto. Mwanasayansi wa bahari atapima joto, atakwambia mwani uhamishiwe maji ya kina ambako kuna ubaridi. Sawa kabisa. Ila wakulima wenyewe wengi ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea wala kuendesha chombo. Kwa nini hawajui, ilhali wamezaliwa mita 100 kutoka baharini? Nani mwenye mashua kijijini? Mama akienda kina kirefu, nyumba itamtazamaje? Maswali hayo hayapimwi kwa kipimajoto. Anayataka mtu aliyesoma jamii, historia na mila, na anayejua kukaa kwenye mkeka na mtu mzima akamsikiliza. Na huyo naye asipofahamu kwa nini joto linaua mwani, atabaki kuandika hadithi nzuri isiyomsaidia mtu. Elimu hizo mbili zinahitajiana.

Wazee wetu hawakuzitenga. Chukueni mirathi. Mume kafariki, kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Gawa mali mafungu 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha. Ni 27! Mafungu yamezidi mali. Mafakihi walilijua jambo hilo zamani, wakaliita aul: unagawa kwa 27, kila mtu anapungukiwa kwa kiasi chake, na thumni ya mjane inakuwa moja katika tisa. Kadhi anayelitatua hilo anahitaji Kiarabu, fiqhi na hisabati kwa wakati mmoja. Na mjane asiyejua hesabu ataambiwa "hili ndilo fungu lako" na ataitikia tu. Nimewaona wajane walioitikia.

Kwa hiyo lawama yangu nyingine iko kwetu sote, na kwa mfumo wenyewe. Tunawakata watoto mapema mno. Wakifika kidato cha tano, huyu wa PCB na huyu wa HGL, kama kwamba Mungu kawapa nusu nusu ya akili. Wa sayansi anamaliza bila kujua kuandika barua ya kurasa mbili ikaeleweka. Wa sanaa akiona asilimia anafumba macho. Kuna nchi, Marekani mojawapo, ambako mwanafunzi wa chuo hukaa mwaka mmoja au miwili akionja huku na huku, fasihi na biolojia, falsafa na takwimu, ndipo achague. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi kimemtaka kila mwanafunzi, hata wa uhandisi, apitie somo la maendeleo. Wanafunzi wanalinung'unikia somo hilo. Mimi ningeongeza mengine.

Na kwa nini chuo cha umma? Babake anafikiria diploma ya uuguzi kwenye chuo binafsi, kwa kuwa "ina kazi." Uuguzi ni kazi tukufu, na anayeupenda aende. Huyu mtoto akiona damu anaanguka. Tutalipa ada kubwa ili tupate muuguzi anayewaogopa wagonjwa? Chuo cha umma ada yake inabebeka, anaweza kuomba mkopo wa Serikali, na dakhaliani atalala chumba kimoja na msichana wa Micheweni na mwengine wa Sumbawanga. Sisi visiwani tunajuana sana. Kukaa na mtu usiyemjua ukoo wake ni masomo pia. Kumbukeni tu kwamba mkopo ni deni. Asikope kwa ajili ya simu.

Nikisikia "historia haina kazi" nakumbuka Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka. Jumba la mwaka 1883! Kila mtu alilia, kila mtu akapiga picha. Lakini kulijenga upya jengo kama lile kunataka wahandisi, na kunataka pia watu wa kusoma nyaraka na picha za zamani wajue nini kilikuwa wapi. Nyaraka tunazo Kilimani, nyingine kwa hati za Kiarabu. Vijana wangapi wa Unguja leo wanaweza kuzisoma? Wageni huja na ndege kuzisoma, wakarudi kwao wakatuandikia vitabu juu yetu, nasi tunavinunua kwa dola.

Jioni ile nilimfuata mtoto jikoni nikamwambia masharti yangu, maana kumtetea si kumwachia. Nimemwambia mwaka wa kwanza achukue takwimu, hata ikimtoa jasho. Ajifunze ramani za kompyuta kwenye jiografia, maana hizo zinatafutwa na kila mwenye mradi. Kiarabu alichosoma chuoni kwa maalim asikiache kioze, akipeleke kwenye nyaraka. Na likizo asije kulala. Aende kijijini kwa bibi yake akaandike anayoyasimulia kabla hajasahau. Aliniuliza, "Mama mdogo, na nisipopata kazi?" Nikamwambia nitamfundisha kukaanga maandazi, mimi yalinilisha. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nafasi inatakiwa kuthibitishwa kabla ya Ijumaa. Shemegi bado hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Jana alinipigia simu kuuliza habari za mwani, eti kasikia kuna mafunzo ya kuogelea kwa akina mama. Nilimjibu kila alichouliza, kisha nikamuuliza yeye: nani ataandika kwamba mafunzo hayo yamefaa au hayakufaa? Akakaa kimya, akasema atanipigia tena baada ya Isha.