Filamu za Mira Nair: kwa nini zinasifiwa huku na kulaumiwa kule

Tarehe 4 Novemba 2025 wapiga kura wa New York, Marekani, walimchagua Zohran Mamdani kuwa meya wa jiji lao, na tarehe 1 Januari 2026 akaapishwa. Alizaliwa Kampala mwaka 1991. Tangu hapo kuna jina jingine lililorudi midomoni mwa watu: la mama yake, Mira Nair, mwongozaji wa filamu kutoka India. Filamu zake za zamani zinatafutwa upya, wengine wakitaka kuona humo siasa za mwanaye. Sisi tunataka kuzungumzia filamu zenyewe, maana mbili kati ya hizo zinatuhusu watu wa Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane. Ukitaja filamu ya Kihindi hapa Galula, Mkwajuni au Tunduma, mtu anawaza nyimbo, ngumi, Amitabh Bachchan, na saa tatu ndani ya kibanda umiza huku mtafsiri kama Lufufu akichombeza kwa Kiswahili. Za Mira Nair siyo hizo. Ni filamu za watu wa kawaida, zenye maneno mengi na ngumi chache, na ndiyo maana jina lake halijafika sana vijijini.

Alianza kusikika duniani mwaka 1988 kwa Salaam Bombay!, habari ya watoto wa mitaani. Kule Cannes, Ufaransa, ilipata tuzo ya Caméra d'Or, inayotolewa kwa filamu ya kwanza ya mwongozaji, kisha ikateuliwa kuwania Oscar. Mzungu aliyekaa ukumbini aliona ujasiri. Nyumbani India ilipata tuzo ya taifa, lakini wapo waliosema kwamba umaskini wao umefanywa bidhaa ya kuuzwa nje. Lawama hiyo si ya kupuuza. Mtoto aliyeigiza mhusika mkuu, Shafiq Syed, baadaye aliishia kuendesha bajaji huko Bangalore. Upande wa pili, fedha za filamu hiyo zilisaidia kuanzisha mfuko wa Salaam Baalak, ambao mpaka leo unahudumia watoto wa mitaani. Pande zote mbili zina hoja.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1991 alitoa Mississippi Masala. Inaanzia Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Mwanasheria Jay anafukuzwa na familia yake, wanaishia Mississippi, Marekani. Huko binti yake Mina anampenda kijana mweusi, Demetrius, msafisha mazulia, aliyeigizwa na Denzel Washington. Wahindi wanakasirika, na weusi nao wananung'unika.

Marekani filamu ilisifiwa na wengi, kwa sababu mapenzi ya Mhindi na mtu mweusi hayakuwa yameonekana sana kwenye sinema. Mira mwenyewe amesimulia kwamba wenye fedha walimwuliza kama hawezi kuweka mhusika mkuu Mzungu, naye akawajibu kuwa wahudumu wote wa mgahawani watakuwa Wazungu. Lakini mwaka 1992 bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani, pamoja na Anuradha Dingwaney, waliikosoa vikali. Kwao, mapenzi ya vijana wawili yalifunika ubaguzi badala ya kuufumua.

Ubishi wote huo ulihusu Mina na Demetrius. Sisi tunaona filamu ile ina mtu mwingine wa kutazamwa: Okelo, rafiki Mwafrika wa Jay. Jay alipokamatwa kwa kumsema vibaya Amin, Okelo ndiye aliyekwenda kumtoa. Miaka mingi baadaye Jay anarudi Kampala kudai nyumba yake, na hapo ndipo anapoambiwa kwamba Okelo aliuawa zamani. Mhindi alipoteza nyumba na nchi. Mwafrika aliyebaki alipoteza uhai, na filamu inampa dakika chache tu. Kwa Mtanzania anayekumbuka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, huo ndio moyo wa habari ile, na ndiyo sehemu iliyopitwa haraka kuliko zote.

Hata hivyo tusijitoe kirahisi. Hapa kwetu hatukumfukuza mtu kwa siku 90, lakini sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Waasia, na wengi wakaondoka nchini. Wazee wanazikumbuka nyumba za Msajili. Kwa mpangaji ilikuwa haki, kwa mwenye nyumba ilikuwa dhuluma. Weka watu hao wawili mbele ya filamu ile uone kama watatoka na neno moja.

Filamu ya pili ni Queen of Katwe ya mwaka 2016. Hii ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji, ule mchezo ambao wengi tunauita chesi. Waandishi wa Marekani na Ulaya waliisifu sana. Lakini fedha haikusema hivyo: iligharimu takriban dola milioni 15, na kwenye kumbi za dunia nzima ikaingiza kama dola milioni 10. Kampuni ya Disney ilihesabu tiketi. Mtu aliyeitazama kwa flashi huko Katwe, au kwenye simu hapa Songwe, hakuhesabiwa popote.

Sikio la Mganda nalo lina lake. Mama wa Phiona aliigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya. Kocha aliigizwa na David Oyelowo, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Mtu wa New York hasikii tofauti ya lafudhi, mtu wa Katwe anaisikia tangu sentensi ya kwanza. Pamoja na hayo, kwa maoni yetu hii ndiyo bora kati ya hizo mbili. Mama yule anayegombana na mwenye nyumba juu ya kodi hakuwekwa pale ili ahurumiwe. Ana hasira, ana akili, na anakosea.

Mwaka 2004 Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab huko Kampala, ambako vijana wa Uganda, Kenya, Rwanda na Tanzania wamefundishwa kuandika na kuongoza filamu. Habari ya Okelo, kwa mfano, bado inamsubiri mtu wa kuisimulia kwa saa nzima.