Mashine Haijasema Ununue Sensa

Simamisha Probox yenye taa ya injini pale Omurushaka uone kama utakosa mshauri. Dereva wa mchomoko ana lake, muuza spea ana lake, na fundi aliyelala chini ya gari jingine atapaza sauti kutoka huko huko. Ushauri mwingi ni mzuri. Huu ninaoujibu hapa, unaozunguka kuanzia Kayanga hadi Murongo, umekula hela nyingi za kahawa.

“Mashine imesema sensa, nunua sensa.”

Mashine ya kupimia gari haikusema hivyo. Kinachosomwa pale ni malalamiko ambayo kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeyahifadhi. Chukua namba P0171: maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli inayokwenda nayo. Basi. Sababu haijatajwa. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi ndiyo iliyotoa taarifa, na ndiyo inayong’olewa, maskini, kama jirani aliyepiga yowe akakamatwa yeye badala ya mwizi.

Sasa fikiria njia zetu za vumbi na makorongo. Kuna mpira unaopeleka hewa kutoka kwenye eya klina hadi kwenye injini, wenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Mtikisiko ukizidi na mpira ukizeeka, huchanika ndani ya mikunjo hiyo, mara nyingi upande wa chini usioonekana. Hewa inayojipenyeza hapo imeikwepa sensa ya kupimia hewa, kwa hiyo kompyuta haiijui.

Fundi makini haishii kwenye ukurasa wa namba. Hufungua vipimo vya papo hapo, injini ikinguruma, atazame kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ikiwa ni 25 gari likiwa limesimama, kisha ikashuka hadi 5 anapokanyaga mafuta kufikia mizunguko 2,500 kwa dakika, atatafuta hewa inakovuja. Ikiwa kinyume chake, yaani gari likisimama hali ni shwari lakini likipanda mlima kutoka Murongo namba inapaa, atashuku pampu au chujio la petroli. Halafu huzima injini, hupitisha vidole kwenye ule mpira na kuutanua mkunjo mmoja mmoja. Nimeona ufa wa urefu wa ukucha ukipatikana hivyo, mwenye gari akiwa ameshanunua sensa mbili.

“Futa tu. Taa ikizimika, gari limepona.”

Limenyamazishwa. Tena pamoja na namba umefuta kumbukumbu ya joto, mwendo na mzigo wa injini pale hitilafu ilipotokea, vitu ambavyo fundi wa kesho angevihitaji. Andika namba kwenye karatasi kwanza. Na ukienda kununua gari, taa iliyozimwa asubuhi ile ile isikudanganye.

“Fundi wa kweli husikia kwa masikio.”

Husikia kwamba gari linamisi, nakubali, na wazee wetu wa gereji wana masikio ya ajabu. Ila P0301 inakwambia ni silinda ya kwanza. Hapo huhitaji kununua kitu: kwenye injini yenye koili juu ya kila plagi, hamishia koili ya kwanza kwenye silinda ya tatu, endesha, pima tena. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, rudi kwenye plagi, nozeli na kompresheni. Masikio peke yake hayakufikishi huko.

“Kimashine changu cha simu hakisomi, kontroli boksi imekufa.”

Soketi kufanana si lugha kufanana. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa usomaji kwa magari mapya ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari mengi yanayotufikia yalitengenezwa yauzwe Japani kwenyewe, na yale ya miaka ile ya nyuma aghalabu huzungumza lugha ya kiwanda chake. Tafuta mashine inayoijua Toyota kabla ya kuagiza kontroli boksi. Kwenye yale ya zamani zaidi, mafundi walikuwa wakiunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, wakahesabu taa inavyopepesa!

“Taa haijawaka, injini ni nzima.”

Hili ndilo linaloua injini. Kompyuta huona tu palipo na sensa. Pete za pistoni zinaweza kulika na oili kuungua, taa ya injini isiwake. Hata geji ya joto ina mtego wake: rejeta ikipasuka na maji yakaisha kabisa, sensa ya joto hubaki hewani, na mshale unaweza kutulia au hata kushuka. Dereva hushtuliwa na harufu.