Afya Nyumbani: Baka Jeupe Kinywani



Kila siku twasukutua vinywa vyetu kwa ajili ya udhu, walakini ni wachache miongoni mwetu wavitazamao kwa kioo. Mwezi huu nawaomba mvitazame, khasa wazee wetu wanaokula tambuu na wale watiao ugoro mdomoni. Wako wasemao kuwa ubaya ni wa tumbaku tu. La, hata popoo peke yake imethibitika kuleta saratani ya kinywa.

Kitafutwacho ni baka jeupe lisilofutika kwa kusuguliwa, au jekundu, ulimini au ndani ya shavu. Aghalabu haliumi, na hapo ndipo mtu hughafilika miaka ikapita. Mabaka meupe mengi hayageuki saratani; jekundu ndilo la kuogopwa zaidi. Likidumu zaidi ya majuma mawili, na aonyeshwe daktari wa meno.

Tiba mojawapo ni mwale wa leza. Leza ya kaboni dayoksaidi aliivumbua Kumar Patel, mzaliwa wa Bara Hindi, huko Marekani mwaka 1964. Mwale wake hunywewa na maji, na kwa kuwa nyama ya kinywa imejaa maji, sehemu mbovu huvukizwa papo hapo, na vishipa vidogo vya damu vikajifunga. Mgonjwa hutiwa ganzi juu ya kiti cha daktari, huvishwa miwani ya kukinga macho, na mara nyingi hurudi kwake siku ile ile. Kidonda hakishonwi, hupona chenyewe kwa majuma kadhaa.

Lakini kabla ya mwale, yapasa kikatwe kipande kidogo kikapimwe kwa hadubini. Kilichokwisha kuvukizwa hakipimiki tena, na ikiwa saratani ilikuwa imejificha humo, tutakuwa tumefuta dalili tukaacha ugonjwa. Msikikimbie kipimo hiki kwa khofu ya jibu. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, wala kuujua ugonjwa si kukosa tawakkul.

Kadhalika, baka huweza kurudi hata baada ya leza, kwa hivyo ni lazima kurejea kuangaliwa. Na atokaye kwa daktari akapita dukani kununua tambuu, sijui alikwenda kutafuta nini.

Nanyi vijana, ikiwa bibi yenu hapendi mambo ya hospitali, msimhubirie. Mshikieni kurunzi na kioo, mmwambie: "Shikamoo, bibi. Hebu fungua kinywa tutazame pamoja."