Tuandike Mara Moja

Sisi watu wa Newala twayajua mambo ya ghala. Tangu korosho za Mkoa wa Mtwara zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, kila mkulima ajua kwamba karatasi ikisema kilo 80 na gunia likiwa na kilo 60, ugomvi u mlangoni.

Programu za kompyuta nazo zina maghala yake. Klabu yetu imeweka programu ya kukokotoa alama za majaribio katika GitHub, ghala lililofunguliwa mwaka 2008. Ndani mna faili la mipangilio. Nje, ukurasani, pana maelezo mafupi ya kumwongoza mgeni. Muhula uliopita tulibadili alama kamili za jaribio kutoka 50 kuwa 100. Faili tulilirekebisha, maelezo ya nje tukayasahau. Mwalimu mmoja wa Masasi aliyasoma, akaingiza alama za jaribio la 50, na karibu darasa zima likaonekana limeshindwa. Kosa lilikuwa letu, na mimi nilikuwamo.

Maoni yangu ni haya: habari moja isiandikwe kwa mkono mahali pawili. Iandikwe katika faili, kisha mashine iinakili. GitHub ina mtambo wa kazi za kujiendesha uitwao Actions, uliofunguliwa kwa watu wote mwaka 2019. Ukiagizwa, kila faili libadilikapo mtambo hulisoma, ukaandika upya maelezo ya nje, anwani ya tovuti na maneno ya kutafutia.

Wako wasemao kwamba huo ni uvivu. Sikubali. Anakiliye mara mbili ana nafasi mbili za kukosea.

Hata hivyo yapasa tuwe na hadhari. Ufunguo wa kawaida wa mtambo huo hauruhusiwi kugusa maelezo ya ghala; hutakiwa ufunguo wa mwenye mamlaka. Tena mashine haina aibu: ukiandika uongo, itaunakili uongo upesi. Kwa hiyo ufunguo auweke mwalimu mlezi peke yake, wala badiliko lolote la faili lisipokewe kabla mtu wa pili hajalisoma.

Ndugu wanafunzi, mtambo utatuondolea kusahau. Wajibu wa kuandika kweli utabaki wetu. Kazi hiyo tuianze muhula ujao, kabla mwalimu mwingine hajapotezwa na maandishi yetu.