Damu Waliichukua kwa Kiswahili



Kila kiangazi vijana wetu wanaosomea afya ya jamii hapa Uingereza hufunga mizigo kwenda nyumbani "kukusanya data". Wengine Muheza, wengine Kilifi, wengine Pemba. Sisi wazazi tunachangishana nauli, tunawatafutia mjomba wa kuwapokea uwanja wa ndege, na mwaka unaofuata tunavaa vizuri kwenda kupiga picha za mahafali. Tasnifu ina kurasa themanini juu ya malaria, au kichocho, au mama wajawazito wasiofika kliniki. Hatuna ugomvi na vijana kuandika. Ugomvi wetu ni kwamba yule mama aliyetobolewa kidole, ambaye pasipo yeye tasnifu isingekuwepo, hajaletewa hata mstari mmoja. (Majibu ya kipimo chake alipewa, tunajua. Tunasema majibu ya utafiti.)

Tukilisema hili vikaoni tunaambiwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Jawabu hili limetuchosha. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kumtoboa mtu kidole, hutakiwa kuwa na fomu ya ridhaa, na kamati za maadili hutaka iwe katika lugha anayoielewa mshiriki. Basi huandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kizuri tu: utafiti ni wa nini, damu itatolewa kiasi gani, siri itatunzwaje, una haki ya kukataa. Lugha iliyotosha kuomba damu inafilisikaje siku ya kurudisha majibu?

Katika kuchukua, lugha zetu hazikuwahi kuonekana na upungufu. Mwaka 1872 Dk. James Christie, tabibu aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika katika British Medical Journal juu ya homa iliyokumba kisiwa, na kwenye kichwa cha makala akaweka jina la Kiswahili, kidinga pepo. Mwaka 1935 Dk. Cicely Williams alichukua neno kwashiorkor kutoka kwa Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo, akalipeleka katika Lancet. Mwaka 1955 Marion Robinson na mwenzake Lumsden wakachapisha habari za mlipuko wa 1952 katika nyanda za juu za Wamakonde, na chikungunya, neno la Kimakonde, likaenea dunia nzima. Leo mgonjwa wa Brazil anatajiwa ugonjwa wake kwa lugha ya Newala. Makala hizo zote ni za Kiingereza.

Wala asituambie mtu kwamba mwanafunzi hana nguvu. Mwaka 2001 wanafunzi wa Yale, akiwemo msomi wa sheria Amy Kapczynski, waliungana na Madaktari Wasio na Mipaka kukibana chuo chao, kilichomiliki hataza ya stavudine, dawa ya Ukimwi. Profesa William Prusoff, mmoja wa waliogundua matumizi yake, akawaunga mkono. Machi mwaka huo huo kampuni iliyouziwa leseni, Bristol-Myers Squibb, ikatangaza kwamba haitatumia hataza hiyo kuzuia dawa za bei nafuu Afrika Kusini, na bei ikashuka. Vijana wale walifanya utafiti na kuandika kama wetu wanavyoandika, ila walijua wanamwandikia nani.

Sisi wa uhandisi, tuliosomeshwa ughaibuni wengi wetu kwa jasho la wakulima wa nyumbani, hatuwezi kujenga daraja tukaondoka na michoro. Michoro hukabidhiwa. Mteja asipoweza kuisoma, tunakaa naye tukamweleza kwa maneno ya kawaida maji yatapita wapi na lori gani lisipite juu. Hakuna anayeiita kazi hiyo hisani.

Na kwa watafiti pia si hisani. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia hulifuata tangu 1964, limetamka tangu 2008 kwamba washiriki wana haki ya kujulishwa matokeo. Lakini wasimamizi hawatoi maksi kwa hilo, na pasipo maksi kijana hahangaiki. Hapo lawama inatugeukia sisi tunaolipa.

Tunachotaka ni kidogo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili: tuliuliza nini, tulikuta nini, nini hatukukipata. Ubandikwe zahanati, usomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa wasiojua kusoma, na nakala apewe muuguzi aliyemtembeza mgeni nyumba kwa nyumba. Gharama yake haifikii bei ya joho la kukodi.

Michango ya nauli za kiangazi kijacho itaanza kupitishwa karibuni. Kabla ya kufungua pochi tutauliza: waliokwenda mwaka jana, ukurasa wao uko wapi?