Acheni Vifaa Vipatane Vyenyewe

Leo nina neno na mafundi wetu wa mtandao, hasa wa huku Garissa.

Intaneti ikisuasua, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni inayotuuzia. Lakini data inaweza kusafiri vizuri kwenye fiba kutoka Nairobi, kilomita zipatazo 370, kisha ikakwama kwenye mita mbili za mwisho kati ya ruta na swichi. Mara nyingi chanzo ni fundi aliyepanga kasi kwa mkono upande mmoja tu.

Tangu kiwango cha IEEE 802.3u kitoke mwaka 1995, vifaa vya Ethaneti vinajua kupatana vyenyewe. Ukichomeka waya, kila kimoja hutuma mipigo mifupi ya umeme inayotaja uwezo wake: megabiti 10 au 100, kuongea kwa zamu au pande zote mbili kwa pamoja. Kisha vyote huchagua kilicho bora ambacho kila upande unakiweza. Ni kama soko letu la mifugo: kila mtu ataje lake, ndipo bei ipatikane.

Sasa wewe fundi ukilazimisha megabiti 100, pande zote mbili kwa pamoja, kwenye swichi, kwa kawaida swichi hunyamaza, haitaji lolote. Ruta inayosubiri mapatano itaitambua kasi kutokana na mawimbi ya waya, lakini hali ya kuongea haiwezi kuijua. Kwa mujibu wa kiwango, inachukua ya zamu. Mmoja anasubiri zamu, mwingine anaongea tu. Vinagongana, pakiti zinapotea.

Ubaya wake ni kwamba ukijaribu ping, inajibu. Fundi anasema "mtandao upo" na kuondoka. Mwanafunzi akianza kutuma faili la fomu ya mkopo wa masomo, inamchukua nusu saa. Ofisi inaamua kununua kifurushi kikubwa zaidi, na tatizo linabaki palepale. Hiyo ni pesa ya umma au ya mzazi inayomwagwa mchangani.

Najua tabia hii ilitoka wapi. Miaka ya 90 vifaa vya watengenezaji tofauti vilikuwa havielewani vizuri, na kulazimisha kulisaidia. Lakini gigabiti kwenye waya wa shaba, iliyosanifiwa mwaka 1999, inadai mapatano haya. Kuyazima leo ni kuishi na dawa ya ugonjwa uliokwisha.

Basi yaacheni yawe wazi pande zote mbili. Kama kampuni imelazimisha upande wake, lazimisheni na wenu vilevile. Kwenye Linux, andika ethtool na jina la kadi yako, usome mistari ya Speed na Duplex. Ukiona "Half" kwenye swichi ya kisasa, usikimbilie kununua kifurushi kingine. Mwite fundi arudi.